Magunia ya Kona ya Ziwani

Kona ile iko mahali barabara ya ziwani inapoachana na mitende na kupinda ghafla kulia, kupanda kuelekea sokoni. Niliipita miaka yote ya utoto wangu, kwa miguu, kwa baiskeli, nyuma ya pikipiki, na sikuwahi kuiwazia chochote. Halafu dada yangu akawa dereva wa mashindano, na kona ile ikaingia usingizini mwangu. Mbele yake kabisa, pale ambapo gari lingekwenda kama lingeshindwa kupinda, kuna ukuta wa nyumba ya wageni, wa mawe meusi ya volkano tunayoyaita makoro. Hakuna pengine pa kwenda.

Ligi ilikuwa ya miji. Kila mji una timu moja na gari moja dogo la mtu mmoja, magurudumu yako nje ya bodi, injini kubwa ya pikipiki iko nyuma ya mgongo wa dereva. Dereva halikalii gari lile, analilalia, na kichwa chake ndicho kitu kinachoonekana juu. Mara ya kwanza nilipomwona dada yangu ndani yake nilidhani amelazwa. Yeye ni mkubwa wangu, fundi wa pikipiki, karakana yake iko njia ya kwenda mpaka mdogo, na Kiswahili chake amekichukua kwa wateja wa Goma, ng'ambo ya mpaka. Changu kimebaki kile tulichorudi nacho kutoka Tanzania, na yeye hunicheka kwamba naongea kama taarifa ya habari.

Msimu ule ulikuwa na mkosi tangu mwanzo. Huye, mji wa kusini, mvua ilinyesha hadi mashindano yakaahirishwa, yakarudiwa, yakaahirishwa tena. Musanze gari moja lilishika moto likiwa limesimama, dereva akinywa soda kando yake. Timu ya Goma, ambao tungeweza kuwasalimia kwa kupaza sauti tu, walikwama upande wao wa mpaka ulipofungwa, na hawakuonekana tena. Tangu vita vya ng'ambo vilipotusogelea, mimi mlio wowote mkubwa unanifanya niyatazame madirisha kwanza, na sasa nilikuwa nimeichagua kazi ya kusimama kando ya injini. Mwishowe mdhamini akajitoa na kuondoka na lori lake. Ndani ya lori kulikuwa na matairi yaliyofungwa pamoja, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakiwekwa kwenye kona ili gari likigonga ligonge kitu laini.

Ikabaki Gisenyi, mji wetu. Watu wa ligi walisema Gisenyi ikishindikana, ligi imekufa. Dada yangu alikuwa anaongoza, na Huye wanamfuata karibu mno. Akishinda nyumbani, taji ni lake.

Mimi nilikuwa mtu wa bendera, wa kusimama konani na kuwasimamisha madereva kukiwa na hatari. Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya utawala, barua za maombi ya kazi hazijibiwi, na dada akanitafutia nafasi ile ili niache kukaa ndani nikiwaza. Ilikuwa ni kumpeleka mlevi kulinda baa. Nilisimamisha mazoezi Huye kwa ajili ya kivuli cha mwewe. Nilisimamisha mazoezi Musanze kwa ajili ya mama aliyebeba viazi, kumbe yuko nyuma ya uzio. Wenzangu wakaniita Bwana Ajali. Mkuu wa mashindano, mzee mmoja mnene mwenye kofia ya majani, alikuwa akinisikia redioni anaanza kucheka kabla sijasema.

Kwa kuwa matairi hayakuwepo, mkuu aliamua kinga ya kona ijengwe kwa magunia. Siku moja kabla ya mashindano ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, watu wote wanapotoka kufanya kazi ya pamoja. Aliwaomba wakazi wajaze magunia majani makavu na maganda ya maharage, wayapange mbele ya ukuta wa nyumba ya wageni. Mimi sikuwepo pale, nilikuwa kwenye mkutano wa watu wa bendera. Jioni nilipita na dada kwa pikipiki, tukapunguza mwendo. Magunia yalikuwa yamepangwa vizuri ajabu, safu juu ya safu, moja likiziba pengo la mawili ya chini yake, midomo imefungwa kwa kamba ya katani.

"Si unaona," dada akasema. "Iko kama kitanda. Leo utalala?"

Sikulala.

Jumapili nilifika kwenye kona yangu mapema kuliko wote. Ziwa lilikuwa limetulia, watu wameanza kukaa kwenye nyasi na miavuli yao. Jirani na magunia alikuwa ameketi mama mmoja na kapu la sambaza, dagaa wa ziwa letu, za kukaanga, kitenge kipya, uso wa sherehe. Nilimsalimia, nikakaa juu ya gunia la chini nimalize kufunga viatu.

Gunia halikuzama. Ndicho kitu cha kwanza. Gunia la majani ukilikalia linashuka nawe, linapumua. Hili lilinipokea kama ngazi ya kanisa. Nikasimama. Nikajiambia umeanza tena. Nikabonyeza mdomo wa gunia kwa kidole, pakabonyea, majani. Nikashusha pumzi. Halafu nikawaza, kama ni majani, naweza kuliinua kwa mkono mmoja. Nikalishika masikio yake mawili, nikavuta. Nikavuta tena kwa miguu na mgongo. Halikusogea hata upana wa ukucha.

"Unaiba ukuta yetu?" yule mama akauliza, akicheka.

"Mama, ndani kuna nini?"

"Makoro, mwanangu! Na tulichagua ile kubwa kubwa. Majani tumeweka juu tu, ili mawe isimwagike." Akafuta vidole vyake kwenye karatasi. "Sisi tunatoka huku kwa mto. Maji ilipobeba nyumba zetu, njo tulijifunza magunia. Hii, hata lori haitasukuma."

Alisema kwa fahari, na alikuwa na haki ya kuona fahari. Mtaa wao wote ulikuwa umejenga kingo za mto kwa namna ileile baada ya mafuriko. Walipoambiwa magunia, kinga, ukuta, mikono yao ilikuwa inajua gunia la aina moja tu, na majani yaliyotajwa wakayaweka pale ambapo majani huwekwa siku zote. Walikuwa wamemjengea dada yangu ukuta wa pili wa mawe mbele ya ukuta wa kwanza, na kuusogeza karibu naye.

Nilichukua redio. Kwa haraka nikabonyeza kwanza kitufe cha taa.

"Kona ya ziwani, kona ya ziwani hapa."

"Bwana Ajali!" mkuu akajibu. "Leo iko nini? Mwewe ao viazi?"

"Mzee, magunia yana mawe."

Kikasikika kicheko cha watu kadhaa, maana redio ile inasikika kwa wote, kisha mkuu tena. "Nimebonyeza mwenyewe asubuhi. Iko laini. Doucement, pole pole, mtoto yangu, kunywa maji."

"Mzee umebonyeza juu. Chini ni mawe. Mama aliyejaza yuko hapa."

"Bon, sikiliza. Gari ziko tayari, mgeni wa heshima amekaa, watu wa ligi wanataka sababu moja tu ya kufunga hii kitu. Usinipe sababu. Toka kwa redio."

Nikampigia dada simu, najua haibebi ndani ya gari. Ikaita, ikaita. Nikasikia injini zikiwashwa upande wa mpakani, zote kwa pamoja. Watu walishangilia. Madereva wangeanza na mzunguko mmoja wa polepole, kupasha matairi moto, kisha wangeachiwa. Nilikuwa na mzunguko huo mmoja.

Nataka niseme niliamua. Sikuamua. Kichwani nilikuwa nashughulika na maswali yangu ya kawaida: kama nimekosea je, kama kuna mawe kwenye gunia hili moja tu je, kama ligi ikifa kwa sababu yangu dada atanitazama vipi. Mikono ikawa imeshaenda kwenye kapu la mama, imeshachukua kisu chake cha kukatia limau. Nilichana gunia la juu kutoka mdomoni hadi chini, nikachana la pili, nikaingiza mguu na kusukuma.

Makoro yakatoka. Yalibingirika barabarani kwa mlio mkavu, meusi, yenye kingo kali, mengine makubwa kama kichwa cha mbuzi, yakatapakaa hadi mstari wa katikati. Yule mama akapiga yowe. Nikaikunjua bendera ya njano, nikaipunga kama mtu anayefukuza nyuki, nikaingia katikati ya barabara na kubaki hapo.

Gari la kwanza kutokea lilikuwa la dada yangu. Lilikuja polepole, likinguruma, likasimama mbele ya miguu yangu. Akavua kofia ya chuma.

"Umekuwa kichaa? Toka!"

"Angalia magunia, yaya," nikasema, jina ninalomwita dada yangu mkubwa tangu utotoni.

"Toka kwa barabara, mi nakuomba. Leo hapana. Siku ingine yote utanisimamisha, leo hapana!"

"Angalia kwanza."

Akaangalia. Aliona mawe barabarani, kisha ukuta wa magunia, safu juu ya safu, kisha akarudisha macho kwenye mawe. Mdomo wake ulibaki wazi kidogo, kama alivyokuwa akifanya zamani mama yetu alipokuwa akimchoma sindano ya malaria. Magari mengine yakaja kusimama nyuma yake, moja moja.

Mkuu alifika mbio kwa pikipiki, kofia ya majani mkononi, akaja kunishika shati. Alikanyaga jiwe, akayumba, akaniachia.

Kilichofuata kilikuwa kelele. Vijana wa mtoni walitaka kunipiga kwa kuharibu kazi yao. Yule mama alikuwa amesimama mbele yangu, machozi yanamtoka.

"Tulijenga tangu asubuhi. Mgongo inaniuma mpaka sasa. Na we unapasua?"

"Mama, mmejenga vizuri. Kwa maji mngekuwa mmetuokoa. Ila maji mnataka yasipite. Gari likigonga, tunataka gunia likubali, lirudi nyuma nalo. Huyu ni dada yangu. Hapa ndipo angegonga."

Alimtazama dada yangu, miguu ile imelazwa mbele ndani ya gari, bodi nyembamba kama karai. Akaweka viganja mdomoni. "Yezu wangu," akasema, kisha akageuka kuwapigia kelele wenzake, na sauti yake ilikuwa kali kuliko redio ya mkuu. Magunia yakaanza kufunguliwa. Makoro yalitupwa pembeni, watu wakang'oa nyasi kwenye uwanja, wakaleta migomba mikavu, maganda ya maharage kutoka nyuma ya soko, na nyumba ya wageni ikatoa magodoro yake ya zamani. Mkuu aliinua kila gunia kwa mkono wake mwenyewe. Hakuniomba radhi na mimi sikumngojea.

Lakini jua halikutungojea. Mizunguko ikapunguzwa ili wamalize kabla ya giza, na dada yangu, ambaye nguvu yake huwa mwishoni, wenzake wakichoka, akanyimwa mwisho wake. Nilisimama na bendera kila alipokuja. Niliangalia magurudumu yake ya mbele tu. Kila mara nilishika pumzi alipoikaribia kona na kuiachia alipopanda kuelekea sokoni. Hakugonga. Hakuna aliyegonga pale siku ile, hata mmoja. Magunia yalibaki kama yalivyopangwa, na hakuna mtu duniani atakayeweza kuniambia yangefanya nini yale ya mawe.

Huye wakashinda. Taji likapanda gari kwenda kusini.

Tulilisukuma gari hadi karakana, mimi na dada. Alinawa mikono kwa sabuni ya unga, taratibu, hadi kwenye viwiko.

"Uliona kwa kona yako?" akauliza.

"Niliona."

"Nilikuwa nafunga breki mapema. Kila mara. Nilijua iko majani, nilibonyeza na mkono yangu. Lakini nikifika pale mi naona makoro." Akakung'uta maji. "Huyu wa Huye hakuona kitu. Alipita tu."

"Kosa langu," nikasema.

"Sijui iko ya nani."

Nilitaka kumsikitikia, na baadaye nilimsikitikia. Ila kitu kilichonijia kwanza kilikuwa nafuu kubwa, nafuu ya aibu, kwamba alikuwa ameogopa. Nilimtakia aone mawe kwenye kila kona atakayoipita hadi azeeke. Nadhani ilinitoka usoni.

"Unafurahi," akasema.

"Hapana, yaya."

"Unafurahi, sha. Naona." Alinigeuzia mgongo, akatafuta spana kwenye ukuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Bon. Ingia ndani. Hii breki iko na hewa, nataka kuitoa, lazima mtu akanyage pedali, na mi sina mguu wa tatu."

Sikuwahi kuingia katika gari lile. Nililala ndani yake, miguu mbele, mabega yamebanwa, injini baridi mgongoni. Kutoka pale huoni barabara. Unaona magurudumu mawili, na ukuta wa karakana, na ukuta unaonekana uko karibu kuliko ulivyo.

Yeye alikuwa chini, karibu na gurudumu, simuoni.

"Kanyaga," akasema. "Shikilia. Achia."

Nilikanyaga.

"Kanyaga tena."