Asmini Yangu, Sifa za Mama Neema

Jamani, leo nimeshika mkasi nikaikate asmini yangu mwenyewe kwa wivu!

Marehemu mama aliipanda miaka ile ya uhaba, ya foleni za sabuni. Ndiyo ilikuwa marashi yetu.

Sasa imetambaa juu ya uzio, maua yote yako uani kwa jirani, Mama Neema. Kwangu majani matupu.

Leo nasikia wageni wake: "Mama Neema, asmini yako inanukia hiyo!"

Yako?!

Nikaenda mbio hadi kwenye uzio. Namkuta kachuchumaa, anamwagia shina maji aliyofulia.

"Shikamoo dada. Tangu mabomba yakauke naona humwagilii. Nikasema isife, ni ya mama yako."

Na maji ananunua kwa ndoo, mji huu mkavu wa Same!

Nikaficha mkasi mgongoni, nikasema asante.

Hata wema kanishinda. Sasa nimnunie kwa lipi?