Nyota Iliyosimama Kama Tarbushi

Tangu aolewe katika nyumba ya mafundi wa mahema, kule Kairo, Inshirah alikuwa mshonaji tu. Mkasi wa kukatia ulikuwa wa mama mkwe wake, Hajati Dawlat, aliyeuvaa shingoni kwa utepe kama hirizi. Siku ya harusi ya bintiye Zinati ndipo alipouvua. Mto wa kiti cha bi harusi ulitakiwa uwe na nyota kama ile ya pazia la ukutani, ila nusu yake.

"Nyota ikilala sawa, mkasi wako," alisema. "Ikiharibika, urudi kwenye sindano yako, mwanangu."

Inshirah akaona kama ana mbawa. Nyota ya pazia ilikuwa ya pembetatu nane zilizokutana ncha kwa ncha, zote pacha: weka moja juu ya nyingine, hata uzi hauchungulii. Akachukua kipimo chake cha karatasi. Mbavu mbili ndefu zilikuwa vidole kumi na viwili kila mmoja, akapunguza sita. Kitako kilikuwa vidole tisa. Nacho akakipunguza sita, asije akaonekana ana upendeleo. Akakata vipande, akashona huku anaimba. Alipofunga mshono wa mwisho, nyota ikasimama.

Akaibonyeza. Ikasimama tena. Mwanawe Farag, aliyekuwa akitambaa hapo, akainyakua akajivika, ikamkaa barabara.

Zinati alicheka mpaka akaegemea ukuta na kuupaka hina. "Wifi, yaani leo nikae juu ya tarbushi? Bwana harusi atanikuta nimepaa."

Inshirah naye akacheka, machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Akaiweka pembetatu ndogo juu ya kubwa, ncha kwa ncha. Ndogo ilikuwa imekonda kama iliyotoka kuugua. Yeye alitaka mtoto aliyefanana na mama, siyo mtoto mwenye njaa. Kumbe mbavu zilipoteza nusu yake, na kitako nacho kilidai kupoteza nusu yake tu, basi.

Akaikunja karatasi, ncha ikashuka hadi katikati ya kitako, akakata kwenye kunjo. Kikatoka kipande kidogo, sura ile ile, ncha ile ile. Kwa kipimo hicho akakata vitambaa vinane upya, akashona, na nyota ikalala.

Kabla wapiga ngoma hawajafika, Hajati akaupapasa mto mpya, kisha akaukalia mwenyewe. Alipiga kigelegele, akamvika Inshirah ule utepe.

Farag alikataa katakata kuvuliwa kofia yake. Akaenda nayo harusini.