Vidole Viwili Vilivyokatwa na Kioo cha Simu

Kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Milimita, na jina likamganda hata alipohamia ofisi ya wachapishaji. Alilipata ujanani, enzi za kupanga kurasa mezani kwa mkasi na gundi. Picha ikikaa upande hata kidogo, aliibandua na kuanza upya, wenzake wakishika vichwa. "Nani ataiona hiyo milimita moja?" walimuuliza. "Mimi," alijibu, na mjadala ukaishia hapo. Baadaye mkasi na gundi vilikwisha kazi. Alijifunza kompyuta akiwa mtu mzima, watoto wa watu wanamwita bibi, na sasa kazi yake ilikuwa kutengeneza vitabu vya kusomwa kwenye simu.

Kitabu kilichomchemsha damu kilikuwa kamusi ya lugha ya ishara. Kilikuwa na picha mia tatu na kumi na mbili, kila picha ishara moja, na chini yake maana. Aliyepigwa picha zote alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa, seremala mwenye ndevu zilizoanza mvi, ambaye homa ilimwachia uziwi akiwa na miaka miwili. Siku tatu nzima alisimama mbele ya shuka jeupe akiinua mikono, akishusha, akiinua tena, na hakulalamika. Alikuwa akijitolea kufundisha darasa la watoto viziwi mchana, na wazazi wa watoto wale ndio waliokililia kitabu hicho.

Kwenye karatasi, picha ukiipa upana wa sentimita nane, itabaki na sentimita nane mpaka karatasi ioze. Kwenye simu mambo siyo hayo. Mtu ana simu ndogo, mwingine kubwa, na kila mmoja ana programu yake ya kusomea yenye tabia zake. Hii inatii ulichoandika. Ile inafuata kichwa chake na kuipunguza picha mpaka iwe kama stempu. Nyingine inaiacha imwagike nje ya kioo, ya nje yasionekane. Milimita alikuwa amekwisha kuumwa na nyoka wote hao. Kwa hiyo picha zake hakuzipa kipimo cha kudumu. Aliziagiza zichukue asilimia themanini ya nafasi zitakayoikuta, urefu ujipange wenyewe.

Siku mbili kabla ya uzinduzi, mkurugenzi alimwita. Alikuwa na tableti pana kama sinia, ameiegemeza kwenye kikombe cha kalamu.

"Picha zimenywea hizi," alisema. "Nataka zijae. Zipe upana maalumu, nukta elfu moja za kioo."

"Hapo kwako zitajaa, bosi. Kwenye simu ndogo zitakatika."

"Zitakatika vipi na mimi naziona hapa?"

"Wewe una sinia. Mzazi ana simu ya mkononi. Nipe wiki moja nizijaribu kwenye simu mbalimbali."

"Kadi za mwaliko zimeshatoka, dada. Wewe nawe kubishana ndiyo starehe yako. Fanya nilivyosema."

Alirudi mezani kwake, akakaa akiitazama kompyuta kama mtu aliyetukanwa. Kisha akafanya. Alifuta asilimia, akaandika elfu moja, akabonyeza. Programu nyingi zilizibana picha zenyewe zikaenea vizuri, na siku ya uzinduzi watu walipiga makofi, mkurugenzi akapiga picha na tableti yake.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi mchana, seremala aliingia nyumbani kwa dada yake bila kubisha, vumbi la mbao bado limo ndevuni. Alimwekea simu mezani. Haikuwa yake. Kioo chake kilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe, na ukurasa uliofunguliwa ulikuwa wa ishara ya "subiri".

"Hesabu vidole," alimwambia kwa mikono.

Milimita alivaa miwani. Kiganja cha mdogo wake kilikuwa kimeukumba ukingo wa kulia wa kioo. Kidole gumba kilionekana, cha shahada, na cha kati. Viwili vilivyobaki havikuwapo.

"Vitatu."

"Mimi niliinua vingapi?"

"Vitano."

Katika ishara zao, vidole vitano vikisukumwa mbele taratibu maana yake ni subiri. Vitatu, kwa mwendo uleule, ni ondoka.

Simu ile ilikuwa ya fundi cherehani mmoja ambaye binti yake wa miaka minne alikuwa darasani kwa seremala. Mama yule hakujua ishara hata moja. Alijifunza usiku na mchana kwenye kitabu, akitazama simu huku mguu uko kwenye pedeli.

"Wiki mbili," seremala alisema, na kwa hasira viganja vyake viligongana mpaka vikalia. "Mtoto akimfuata jikoni, ondoka. Akimletea mdoli amvalishe, ondoka. Akilia, ondoka. Sasa hamsogelei tena mama yake. Anakula akiwa amempa mgongo. Mama kaja kwangu analia, ananiuliza kwa maandishi amemkosea nini mwanawe."

"Bosi ndiye aliyenilazimisha—"

"Bosi ndiye aliyebonyeza?"

Milimita alivua miwani.

"Uso ule ni wangu," mdogo wake akaendelea. "Mikono ni yangu. Watu wananijua mimi, wewe hawakujui. Wanasema mwalimu ndiye aliyetufundisha kuwafukuza watoto wetu."

Aliichukua simu, akatoka. Milimita alibaki na hasira asizojua azipeleke wapi. Nusu ilikuwa ya mkurugenzi. Nusu nyingine ilikuwa yake mwenyewe, nayo ndiyo iliyomuuma zaidi, kwa sababu alijua. Mtu asiyejua ana pa kujifichia.

Jumatatu alifika ofisini kabla ya wote, akafanya jambo moja kwenye kompyuta. Kisha akazunguka akiazima simu: ya dereva, ya mapokezi, ya mama wa usafi, ya mhariri. Katika kila moja alikipakia kitabu na kufungua ukurasa uleule, akaingia kwa mkurugenzi na kuzipanga mezani pamoja na tableti.

"Hesabu vidole, bosi."

Mkurugenzi alizitazama. Kwenye tableti kiganja kilikuwa kizima. Kwa dereva kizima pia. Kwa mapokezi kidole kimoja kilikuwa kimekwenda na maji. Kwa mama wa usafi viwili. Kwa mhariri, simu ilipolazwa ubavu, mkono ulionekana mpaka kwenye kifundo tu, vidole vyote vimebaki nje ya kioo kwa juu.

"Sasa hizi ni simu za zamani," alisema. "Tuwaambie wasomaji watumie programu nzuri."

"Tuwaambie wapi? Kwenye kitabu wasichoweza kukiona?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Kuna mtoto wa miaka minne anaambiwa ondoka na mama yake mzazi, na aliyemfundisha mama ni mimi na wewe. Nilikwambia. Nilikwambia hapahapa, umekaa hivyohivyo!"

Nje, mashine ya kunakili ilinyamaza. Kila mtu alikuwa akisikiliza.

"Tutarekebisha kwenye toleo la mwakani," mkurugenzi alisema, uso umemwiva.

"Kitabu hakipo tena. Nimekitoa kwenye duka la mtandaoni asubuhi hii, neno la siri ninalo mimi. Ukitaka kunifukuza nifukuze, ila umtafute mwingine wa kukirudisha, na umweleze kwa nini nilikitoa."

Hakumfukuza. Labda aliogopa maneno, labda hakuwa na mtu mwingine wa kuifanya kazi ile. Milimita hakutaka kujua.

Siku nane alifanya kazi ameuma meno. Alirudisha asilimia. Kila picha aliitia kwenye kisanduku chake, akakiagiza kisizidi upana wa kioo. Programu moja ilitii, nyingine ikajifanya haikusikia. Alipoweka ukomo wa urefu, ile ya kwanza nayo ikagoma. "Washenzi wakubwa!" aliziambia simu, na mama wa usafi akacheka mpaka akaegemea ufagio. Siku ya tano alielewa kwamba hawezi kuzilazimisha zote. Basi akazigeukia picha zenyewe. Alizikata upya, zote mia tatu na kumi na mbili, umbo moja, akaacha nafasi nyeupe kuzunguka kila kiganja, ili programu yoyote yenye uroho imeze weupe na kuviacha vidole. Siku ya nane zile simu nne na tableti zote zilionyesha vidole vitano.

Ukurasa wa mbele aliandika kwamba toleo lililopita lilikata picha, akaziorodhesha ishara arobaini na moja zilizoonekana vibaya. Mkurugenzi aliamuru ukurasa uondolewe, maana unaaibisha ofisi. Safari hii mhariri, mtu mpole asiyewahi kupandisha sauti, ndiye aliyejibu: "Ukiuondoa huo, ondoa na jina langu." Ukurasa ulibaki.

Kisha Milimita alikwenda na mdogo wake kwa fundi cherehani. Aliomba radhi akiwa amesimama mlangoni. Mwanamke yule aliendelea kushona hadi mwisho wa pindo.

"Samahani yako nimeisikia, mama," alisema bila kuinua macho. "Mwambie yeye."

Mtoto alikuwa nyuma ya marundo ya vitambaa. Milimita alichuchumaa, akamwomba radhi kwa mikono. Mtoto alimtazama, akavuta kitambaa mpaka puani. Seremala alitaka kumfundisha mama ishara sahihi ya kusubiri, lakini mama alificha mikono chini ya cherehani. "Hiyo naiogopa," alisema, Milimita akatafsiri. Basi seremala akamfundisha "njoo". Mama aliirudia mara tatu kwa mtoto. Mtoto hakuja. Walipoaga alikuwa bado yuko palepale.

Ilichukua mwezi na siku kadhaa. Siku moja seremala alipita kwa dada yake akitoka darasani, akamwambia kwamba mtoto sasa anakaa karibu na pedeli na kumpa mama pini mojamoja, na akichelewa kuitwa hujifanyia mwenyewe ile ishara ya "njoo".

Milimita alifuta macho kwa upindo wa kanga. "Na wewe?" alimuuliza. "Umenisamehe?"

Mdogo wake alifikiri.

"Bado," alijibu. "Lakini nina njaa."

Akampakulia.