Picha ya Kifua cha Swaumu

Watu wa safu ya pili ya nyumba hawakuhitaji jogoo. Kabla hajawika, Swaumu alikuwa amekwisha kukaa ukingoni mwa kitanda, kopo lenye majivu mkononi, akikohoa kikohozi kirefu chenye maji ndani yake, kama mtu anayeburuta gunia lililoloa. Alipomaliza, safu nzima ilikuwa macho.

Zamani kikohozi hicho hakikuwa na msikilizaji. Nyumba ya mama yake ilikaa peke yake juu ya kilima, na ukitaka kumfikia jirani wa karibu ulimaliza muwa mzima njiani. Mwaka 1974 watu wakahamishiwa kijijini, karibu na barabara ya Kabuku, wakapangwa kwa safu, nyumba ubavuni mwa nyumba. Kijiji kilileta bomba la maji, zahanati na darasa. Kilileta pia masikio.

Mchana, kwenye shamba la kijiji, wanawake walisonga ugali wakala pamoja kwenye sinia. Swaumu alikuja na sahani yake na kikombe chake cha bati chenye ukingo wa buluu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alikuwa akifanya hivyo kwa miaka kumi na miwili, tangu alipotoka hospitali na jina la kifua kikuu. Nyumbani kikombe kilining'inia kwenye msumari wake, juu, mbali na vyombo vingine, na Zamda alijua kwamba angeweza kushika chochote humo ndani isipokuwa hicho.

Zamda alikuwa na miaka tisa. Mama yake, Mwanaidi, mdogo wake Swaumu, alifariki siku chache baada ya kujifungua mtoto wa pili, na mtoto huyo akamfuata. Baba aliondoka kwenda kwenye mashamba ya mkonge akaoa hukohuko. Swaumu alikuwa ameolewa, hakuzaa, akaachwa. Akamchukua Zamda akiwa na miaka miwili, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akilalamika kwamba hakuzaa.

Mwezi wa tano mwaka 1975 kaka yao Mhina alifika kutoka Kwamndolwa, Korogwe, alikokuwa fundi seremala. Kwa Wazigua mjomba ana neno juu ya mtoto wa dada yake, na Mhina alikuja na neno lake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo," Swaumu alisema, kisha kikohozi kikamshika. Mhina alingoja huku akitazama sakafu.

"Mdomo umesema hujambo," alisema. "Kifua kimekukanusha. Chausiku ameniandikia barua."

"Chausiku jirani yangu? Hajui kuandika."

"Ameshajua. Darasa la ngumbaru limemfaa."

"Barua ya kwanza ya maisha yake, akaona amwandikie kaka yangu."

"Ana watoto ng'ambo ya ukuta huu, Swaumu. Usimlaumu." Mhina alivua kofia akaiweka gotini. Alikuwa mtu mkubwa mwenye mikono mipana. Ujanani alipiga ngoma katika arusi nyingi za Handeni, hadi useremala ulipoitaka mikono hiyo kwa kazi nyingine. "Nataka kumchukua Zamda."

"Miaka saba nimekaa naye. Hajakohoa hata siku moja."

"Kifua kikuu hakina haraka. Tumemzika Mwanaidi. Sitaki kumzika na mwanawe, halafu watu waniulize mjomba alikuwa wapi."

Swaumu aliona neno hilo ni la haki. Yeye mwenyewe aliliogopa kila usiku mtoto alipojisogeza kifuani pake.

"Nitarudi Ijumaa ya pili," Mhina alisema. "Mwandae."

Kulikuwa na jambo ambalo Mhina hakulijua, wala daktari yeyote hakulijua. Swaumu alipokuwa na miaka kama sita alicheza mbio na wenzake, wakasimama kutweta, kila mtoto akaweka mkono kifuani kuusikiliza moyo. Wenzake waliweka upande wa kushoto. Yeye aliukuta wa kwake upande wa kulia. Alikwenda kumwambia mama kama mtu anayepeleka habari njema. Mama aliacha kutwanga, akafunga mlango.

Siku hizo vikongwe walikuwa bado wanakumbuka vigego, watoto waliotangulia kuota meno ya juu, na jinsi walivyouawa. Meno ya Swaumu yaliota kwa utaratibu, ya chini kwanza. Lakini nani angejua wazee wangesema nini juu ya moyo?

"Moyo wako uko pale Mungu alipouweka," mama alisema. "Usimwambie mtu. Hata ukiugua, usiseme. Niahidi."

Aliahidi. Mama akafa, ahadi ikabaki.

Mwaka 1963, akiwa na miaka ishirini, alilazwa hospitali moja mbali na kwao. Mpiga picha ya kifua aliinua picha dirishani kwenye mwanga, akaitazama, akacheka peke yake. "Leo nimechoka," alisema, "nimeigeuza." Akaipindua, akaandika alama kwa kalamu, moyo ukaenda kushoto ilikokaa mioyo ya watu wote. Swaumu alikuwa anafunga vifungo vya blauzi. Alijua kwamba picha haikugeuzwa. Akanyamaza.

Daktari wa siku ile aliona vivuli chini ya mapafu, akamwona msichana mwembamba anayekohoa makohozi mengi, akaandika kifua kikuu. Makohozi yalipimwa, kijidudu hakikuonekana, lakini dawa zikaanza. Alidungwa sindano miezi kwa miezi hadi masikio yakawa na mlio usiokwisha. Kikohozi hakikupungua. Alirudi nyumbani na kikombe chake.

Baada ya Mhina kuondoka, Swaumu alikwenda zahanati. Mganga wa zahanati, Stefano, alikuwa kijana wa Kishambaa kutoka Mashewa, mpole, mwenye koti jeupe lililomzidi kimo.

"Vuta pumzi, mama. Toa." Aliweka kipimo cha masikioni upande wa kushoto wa kifua. Akakisogeza juu, akakisogeza chini. Akakivua, akakipuliza, akakigonga kwa ukucha. "Leo hiki chombo kina wazimu," alinong'ona.

Swaumu alimtazama akihangaika. Akaona mambo yatakavyokwenda: chombo kitalaumiwa, picha nyingine itapinduliwa, na Ijumaa ya pili Zamda atabeba kifurushi chake kuelekea barabarani. Alimwomba mama yake radhi kimoyomoyo.

"Chombo ni kizima, mwanangu," alisema. "Weka huku."

Stefano aliweka upande wa kulia. Akausikia moyo.

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

"Na hospitali hukuwaambia?"

"Nilikatazwa."

"Na nani?"

"Na mtu aliyenipenda."

Stefano alisema kwamba darasani walifundishwa habari za moyo kama huo siku moja tu, nusu saa, na mwalimu akawaambia hawatauona maishani. Aliandika barua kwa daktari wa Korogwe, akaisoma kwa sauti ili Swaumu asikie. Mstari wa mwisho ulisema: *Picha ikionekana imegeuka, tafadhali msiigeuze.*

Swaumu alimwacha Zamda kwa Chausiku. Chausiku alimpokea mtoto bila kuinua macho. "Ile barua," alianza.

"Mwandiko wako ni mzuri, nimeambiwa," Swaumu alisema, akaenda kungoja basi.

Korogwe alikaa siku nne. Makohozi yake yalipimwa asubuhi tatu mfululizo, na picha mpya ikapigwa. Daktari alikuwa mzee wa milimani, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Aliiweka picha kwenye mwanga jinsi ilivyotoka, akakaa mbele yake kama mtu aliyeletewa mgeni.

"Kuna ugonjwa wa watoto wa Ulaya unaofanana sana na wako," alisema. "Makohozi mazito, mapafu yanaharibika polepole, mtoto hanenepi. Mama zao huugundua wakiwabusu: ngozi ina chumvi, kama imechovywa. Mama yako aliwahi kukwambia hivyo?"

"Hakuniambia. Na ingekuwa kweli, daktari, mwaka huu ningekuwa tajiri. Chumvi kijijini tunaipangia foleni."

Mzee alicheka hadi akavua miwani.

"Basi si huo. Magonjwa haya ni kama watu wa kijiji kimoja, ukiyasikia kwa mbali sauti zao ni moja. Kuna unaoanzia kwenye kifaduro au surua ya utotoni. Kuna kifua kikuu chenyewe. Wako ulizaliwa nao, na alama yake ni huo moyo. Watu wenye moyo upande huo, baadhi yao pua haikauki, na mirija ya mapafu hutanuka chini, makohozi yakatuama humo kama maji kwenye shimo la barabara. Pua yako?"

"Haijakauka tangu niijue."

"Kwa nini mambo haya huenda pamoja, vitabu havijasema. Sitakudanganya kwamba najua."

Swaumu alishika ukingo wa meza. "Nina mtoto nyumbani. Nitamwambukiza?"

"Kijidudu cha kifua kikuu hatukukiona, si sasa wala zamani. Na kitu ulichozaliwa nacho hakirukii mtu mwingine."

"Nitapona?"

"Hapana," mzee alisema, taratibu. "Lakini maji yaliyotuama hutolewa."

Muuguzi alimwonyesha. Alale kifudifudi kitandani, kiwiliwili kikining'inia, kichwa chini, na mtu ampige mgongoni kwa viganja, asubuhi na jioni, hadi makohozi yatoke. Homa ikija, ameze dawa upesi, asingoje. Daktari aliuliza nani anakaa naye.

"Mtoto wa miaka tisa."

"Mikono yake inatosha," alisema.

Ijumaa ya pili Mhina alifika baada ya swala, na kifurushi cha karatasi. Ndani yake mlikuwa na gauni jipya, jekundu, la safari. Zamda aliligusa pindo, akaliacha, akaenda kusimama nyuma ya mama yake mkubwa.

Swaumu alitoa barua ya daktari. Mhina aliisoma polepole, mdomo ukicheza, akaikunja.

"Karatasi," alisema. "Karatasi ya kwanza ilisema unacho. Hii inasema huna. Nikuulize, dada, nitajuaje ipi imekosea?"

"Ya kwanza ilikosea kwa sababu yangu."

Akamweleza yote: mlango uliofungwa, ahadi, picha iliyopinduliwa dirishani, miaka kumi na miwili ya kikombe. Mhina alisikiliza akiwa ameinama. Aliposikia neno kigego aliinua mkono, kama mtu anayezuia kitu kisimwangukie.

"Upande wa kulia?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Huenda umeaminishwa tu. Moyo wa mtu unahamaje?"

"Ni kweli, mjomba," Zamda alisema.

Wote wawili walimgeukia.

"Najua tangu zamani. Nikilala kulia kwake nausikia, nikilala kushoto siusikii. Ndiyo maana nalala kulia." Alimtazama mjomba wake kwa mashaka kidogo. "Nilidhani mama wakubwa wote wako hivyo."

Nje, mtu alikuwa akitwanga, na mtwangio ulisikika wazi kupitia ukuta. Swaumu alitaka kusema neno la kumsihi, akafungua mdomo, kikohozi kikamwahi. Kilikuwa kibaya, cha safari na maneno mengi. Zamda hakungoja kuambiwa. Alileta kopo, akamshika mkono mama yake mkubwa hadi akalala kifudifudi kitandani, kiwiliwili kikining'inia na kichwa kikielekea chini. Kisha akaanza kumpiga mgongoni, juu ya kanga, kwa mikono yote miwili, akiuma mdomo wa chini.

Mhina alitazama. Alitazama kwa muda, na uso wake ukakunjamana kama wa fundi anayemwona mtu akishika randa vibaya.

"Unapiga bapa," alisema. "Utamuumiza."

"Muuguzi alimwambia tupige."

"Kupiga kuna namna nyingi." Alisogea, akapiga goti karibu na kitanda. "Kunja kiganja, hivi, kama unateka maji. Kiganja kikiwa na hewa ndani, mlio unaingia na maumivu yanabaki nje. Sikiliza."

Akaweka mikono yake mipana mgongoni kwa dada yake. Mapigo yalianza taratibu, mazito, ya duara, moja likiliita jingine. Swaumu aliyajua. Ndiyo yaliyokuwa yakifungua arusi za kwao, kabla bibi arusi hajatoka, wakati watu wangali wanakusanyika. Kitu kilichokuwa kimetuama kwa muda mrefu kikaanza kusogea kifuani mwake. Alikohoa, akatema koponi, akakohoa tena, na pumzi iliyofuata ikafika mahali ambapo kwa miaka haikuwa inafika.

"Asubuhi na jioni?" Mhina aliuliza.

"Asubuhi na jioni," Swaumu alijibu kutoka chini.

"Na mimi niko Kwamndolwa." Aliendelea kupiga. "Zamda, lete mikono yako. Weka juu ya yangu. Usihesabu, sikiliza tu. Nitakaa hadi Jumatatu, na Jumatatu utanipigia nikusikie."

Mtoto aliweka viganja vyake vidogo juu ya vile vikubwa, vikapanda na kushuka pamoja.

"Na lile gauni, mjomba?"

"Gauni utalivaa hapahapa," Mhina alisema, bila kuacha kupiga.