Gego la Shemeji Kasuku

Kaka wa mume wangu ni fundi seremala, nasi tulimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alipiga randa huku akimsema mteja, na mteja akacheka. Kutwa nzima aling'oa misumari kwa koleo, lakini koleo la daktari wa meno alilikimbia kama mtoto.

Gego lake la chini lilipoanza kuoza, alijitibu mwenyewe. Alimimina pombe kali kwenye kifuniko cha chupa, akaituliza shavuni mpaka ganzi ishike, kisha akaitema kwenye vumbi la mbao.

"Simezi, shemeji," aliniambia. "Mimi si mlevi. Naua wadudu."

"Wadudu hao unawafuga," nikamjibu, kwa utani tu.

Miaka ikaenda hivyo. Kidonda kikatokea pembeni mwa ulimi, akadhani jino limemkwaruza. Nacho akakitibu kwa kifuniko kilekile.

Siku tuliyomburuta hospitali, mkewe huku na mimi huku, maji yalishazidi unga. Ilikuwa saratani. Daktari, binti mpole, alituambia kwamba mdomoni mna bakteria, hasa penye meno mabovu, na pombe ikikaa humo wao huigeuza kuwa kemikali inayoweza kuleta saratani.

"Siwezi kuapa kwamba ni hiyo peke yake, baba," alisema. "Ila kuiweka mdomoni muda wote ule hakukukusaidia."

"Nilikuwa naua wadudu," shemeji akasema kwa sauti ndogo.

"Wachache walikufa. Waliobaki ndio walioigeuza."

Ulimi ungekatwa karibu wote. Nilitamani kumpiga, nilitamani kumkumbatia, nikabaki nimeshika kofia yake. Mkewe alilia bila kujificha. Majuto ni mjukuu, lakini nani angethubutu kumwambia hivyo mtu aliyekaa mbele yetu?

Kabla ya upasuaji ilibidi gego ling'olewe. Alifumba macho, akaning'ang'ania vidole mpaka vikafa ganzi. Kufumba na kufumbua, jino lilikuwa kwenye sahani ya bati. Alilitazama sana, kisha akanigeukia, machozi yakimtoka.

"Shemeji," alisema, "kumbe hata haiumi."

Kesho yake wakaukata ulimi. Siku hizi anapiga randa kimya, na wateja wakishachukua vitu vyao wanaondoka haraka.