Tumejaa

Baba yangu alikamatwa akinyoa ndevu. Upande mmoja wa kidevu ulikuwa safi, wa pili umejaa povu, na askari kanzu watatu wakamwambia aende hivyo hivyo. Kosa lake, kama tulivyokuja kuambiwa, ni kwamba aliwasomea makarani wenzake wa reli karatasi iliyosema nchi ingefaa kuwa na zaidi ya chama kimoja. Nilikuwa na miaka kumi. Nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu ya lile povu. Siku hizo nilikuwa nacheka ovyo, na mpaka leo sijapona.

Tuliishi Kaloleni, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Jirani aliyekuwa ameazima sufuria yetu ya ugali aliirudisha kupitia dirishani, bila kuiosha, akatimua mbio. Mama akifika mferejini, wanawake wanakumbuka ghafla kwamba wameacha kitu motoni. Kanisani, benchi tulilokuwa tukibanana watu tisa likawa letu sisi wawili, nami nikapata mahali pa kunyoosha miguu wakati wa mahubiri. Mama alinifinya, lakini niliona mabega yake yakitetemeka, na si kwa kilio.

Hayo yote niliyaweza. Kilichonishinda ni kati. Kati ndiyo yalikuwa maisha yetu wasichana: wawili wanasimama huku na huku wakirushiana mpira wa soksi iliyojazwa karatasi za nailoni, wengine wako katikati wanakwepa, na ukipigwa unatoka. Nilikuwa hatari kwenye mchezo huo, na nasema hivyo bila haya. Siku ya pili baada ya Baba kuchukuliwa, nilikwenda kwenye uwanja ulio mbele ya ukumbi wa mtaa, nikaambiwa, "Tumejaa." Walikuwa wanne.

Aliyesema hivyo alikuwa binti wa mkuu wa vijana wa chama, yule bwana wa filimbi na rungu aliyezunguka sokoni akikagua kadi za chama, na ambaye sote tuliamini ndiye aliyewaonyesha askari mlango wetu. Binti alikuwa rika langu, tena tulikuwa tukikalia dawati moja. Tangu siku hiyo nilisimama kando ya ukuta wa ukumbi kila jioni, kwa miezi minane, nikisubiri mtu abadili nia. "Tumejaa." Waliniambia hivyo hata siku walipokuwa wawili, na watu wawili hawawezi kucheza kati.

Halafu vyama vingi vikaruhusiwa, na Baba akaachiliwa, na mtaa ukarukwa na akili. Watu wazima walisalimiana kwa vidole viwili hewani, alama ya vyama vingi: mama wa kwaya, muuza mandazi, mzee mmoja aliyekuwa na kidole kimoja tu mkono wa kulia akaazima cha mkono wa kushoto. Ghafla hapakuwa na mtu Kaloleni aliyewahi kumiliki kadi ya chama. Baba alirudi amekonda, amevaa viatu viwili vya mguu wa kushoto, akauliza kama kuna chai. Hakutusimulia chochote isipokuwa mizaha kuhusu maharagwe ya huko. Tulicheka mpaka Mama akakaa chini sakafuni. Jirani wa sufuria alikuja kuiazima tena, na Mama akampa! Mimi ningempa kifuniko tu.

Kwa upande wangu, nilipandishwa cheo. Sasa mimi ndiye niliyechagua timu, mimi ndiye niliyeamua nani katoka na nani bado. Yule bwana wa filimbi alikuwa hatoki nyumbani mchana, na mkewe akifika mferejini wanawake walikuwa na vitu motoni. Basi binti yake alipokuja uwanjani siku ya kwanza, mikono nyuma, nilimtazama juu mpaka chini.

"Zii," nikamwambia. "Tumejaa."

Sitadanganya, ilikuwa tamu kupita sukari guru. Usiku nililala nikiirudia kimoyomoyo. Nilitaka jambo moja tu duniani: asimame kwenye ule ukuta miezi minane kamili, asipungukiwe hata siku. Na alisimama. Mwezi wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tena.

Jumamosi moja mchana Baba alikuja kuota jua kwenye ngazi za ukumbi. Alinisikia nikilisema neno langu.

"Mmejaa mkiwa wangapi?" akauliza.

"Watano, Baba."

"Watano hawajai, mama. Sisi tulikuwa kumi na wanne kwenye chumba cha watu wawili, na bado wakituletea wageni."

Wasichana wakaangua kicheko. Baba akainuka, akakunja suruali mpaka magotini, akamshika yule binti mkono. "Mimi na huyu ni timu moja. Rusheni."

Ee, mlikosa! Karani mzima wa reli, miguu myembamba, akirukaruka katikati ya uwanja huku akipiga mayowe. Aliinama, akazunguka, akaushika mpira mara moja akaubusu na kuurudisha. Watu walitoka majumbani. Mama alikuja na mwiko mkononi, akicheka mpaka machozi. Yule binti naye alikuwa anacheka, akikwepa vizuri mno, na hilo ndilo lililoniudhi. Mpira uliponifikia, sikumlenga Baba. Nilimlenga yeye, usoni, kwa nguvu za miezi minane.

Baba akaingia mbele yake. Mpira ukampata nyuma ya sikio.

Alianguka chini papo hapo, akajikunja, magoti kifuani, mikono miwili juu ya kichwa. "Nimesema, afande," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Nimesema yote."

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Walidhani anaigiza, na mimi nilicheka kuliko wote. Mtu alinirudishia mpira, nikauinua.

"Usirushe!" Yule binti alikuwa amesimama mbele ya Baba, amepanua mikono. "Hachezi! Huoni hachezi?"

Hapo ndipo nilipomwona Baba. Alikuwa akitetemeka, na suruali yake ilikuwa imelowa. Mama alikwisha kuangusha mwiko na alikuwa anakuja mbio. Alimfunika kwa leso yake, wakainuka pamoja polepole, na Baba akajipangusa vumbi, akatutazama, akajaribu kutabasamu. "Nimetoka, sivyo?" akasema. "Haya, endeleeni." Wakaingia nyumbani wakafunga mlango.

Hakuna aliyeendelea. Nilibaki nimeshika soksi, nikijichukia, na nikimchukia yule binti zaidi kwa kuwa yeye ndiye aliyemwona baba yangu kabla yangu.

Kesho yake baada ya kanisa nilikwenda kwao. Nilibisha hodi. Mlango ulifunguliwa na yule bwana mwenyewe, bila filimbi, amevaa fulana, na akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuja kumkamata.

"Nimekuja kumwita tucheze," nikasema.

Kabla hajajibu, binti alipita chini ya mkono wake. Alikuwa amesukwa nusu ya kichwa, nusu nyingine imesimama, na hakuwa na viatu. Hakuniuliza kwa nini leo. Hakunifanya nisubiri hata dakika moja. Alikimbia akanipita, akageuka, akanihimiza nije upesi. Nilimfuata nikiona haya, kwa sababu nilijijua: ningekuwa yeye, nisingetoka.