Tulisubiri Bronzi ya Nairobi Siku Tisa, na Bushi Nne Ziko Rafuni Kwetu

Wakuu, salaam kwenu nyote. Haya yamenipata mwenyewe na sijayatia chumvi. Kama kuna mtu wa karakana yetu humu atanijua tu, na anijue.

Mimi ndiye ninayenunua malighafi kwenye karakana moja hapa Mji wa Kale. Tunachonga vipuri vya pampu, mitambo ya barafu na mashine za kukanda unga. Kipuri kikivunjika mteja anakuja nacho mkononi, fundi anakipima, anachora drawing, kazi inaanza.

Sasa sikilizeni ujinga wetu.

Drawing kwetu haina namba, ina jina la mteja. Kuna "Bushi ya Barafu", kuna "Shafti ya Haji wa Pampu", kuna "Bushi ya Boflo". Zimejaa makabati mawili, na anayejua ipi iko wapi ni Fundi Swaleh peke yake. Alianza kazi pale kabla mimi sijazaliwa.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikizitoa moja moja na kuingiza data kwenye Excel: kipenyo cha ndani, cha nje, urefu, aina ya metali. Nia yangu ilikuwa nijue tunatumia nini hasa, ninunue kwa mpango, tuache kuhangaika na oda ya kipande kimoja kimoja.

Fundi Swaleh alinicheka. "Mwanangu, karatasi haichongi chuma. Na majina hayo usiyaguse, watu watapotea."

Nami kwa adabu zangu za kipumbavu nikayaacha. Nikapanga jedwali zima kwa majina ya wateja. Hilo kosa ni langu, simsingizii mtu.

Ndipo akaja Bi Rukia. Ana bekari ya boflo, yaani mikate, kule Bondeni, na mashine yake ya kukanda ilikuwa imepasua bushi, yaani ile pete nene ya bronzi inayoshika shafti isiyumbe. Alituambia waziwazi kwamba kuna shule inachukua mikate yake kila asubuhi, na akikanda kwa mikono hawezi kuitosheleza.

Bronzi hatukuwa nayo. Bwana Karim, mwenye karakana, akachukua simu mwenyewe na kumpigia supplier wa Nairobi. "Niletee ile ya siku zote," akasema, akakata.

Ile ya siku zote! Wakuu, Fundi Swaleh ameshaichora, drawing iko mezani, vipimo nimeshaviingiza Excel, na mtu mzima anaagiza kwa "ile".

Siku ya tano mzigo ukafika. Bronzi nyembamba, bushi haitoki humo hata ukeshe ukiomba dua. Supplier akasema ndiyo tuliyochukua mara ya mwisho, na alikuwa mkweli. Nikaagiza upya kwa vipimo, tukaanza kusubiri tena. Bi Rukia anapiga simu kila adhuhuri, na anayepokea ni mimi.

Siku ya tisa hasira zikanishinda. Nikafungua Excel na kupanga jedwali kwa kipenyo badala ya majina, angalau nione ni bronzi ya unene gani inafaa tuiweke stock.

"Bushi ya Boflo" ikaja kukaa chini ya "Bushi ya Barafu". Kipenyo kile kile, urefu ule ule, metali ile ile. Hata kitundu cha kutilia mafuta.

Nikamuuliza Fundi Swaleh kama tunayo Bushi ya Barafu yoyote.

"Zipo nne rafuni," akajibu bila kuinua kichwa. "Yule bwana wa barafu wa Kibokoni hakuja kuzitwaa. Kwani yuwazitaka?"

Nilitaka kulia, wallahi. Drawing zote mbili kachora yeye. Bushi zote nne kachonga yeye. Lakini kwake ya barafu ni ya barafu, na ya boflo ni ya boflo.

Nikatwaa moja, nikapanda tuktuk hadi Bondeni. Iliingia mara ya kwanza, mashine ikazunguka. Bi Rukia akashukuru, kisha akaniuliza, "Mumeichonga leo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nikamwambia ukweli, kwamba ilikuwa kwetu tangu mwaka jana.

"Shule imenihama jana," akasema. "Na Mwanasiti aliyekuwa akinikandia nishamwambia asije tena. Sina kazi ya kumpa, mwanangu."

Nilitoka pale nikiona aibu hata kumuaga.

Nililojifunza ni hili. Kabla ya kushika simu kuagiza, soma drawing zako na uzilinganishe kwa vipimo. Jibu linaweza kuwa limelala kabatini kwako, na anayeumia wewe ukisubiri ni mtu mwingine kabisa.

Na bado sijapona. Leo asubuhi nimemkuta Fundi Swaleh, uso umejaa furaha, amebandika karatasi kwenye zile bushi tatu zilizobaki: "ZA BI RUKIA".

Wenye karakana humu, mliwabadilishaje mafundi wenu wakongwe bila kuwavunjia heshima? Semeni, nipigeni hata mawe, nitasoma yote.

Na kama kuna mwenye bekari yoyote hapa kisiwani anayetafuta mkandaji, aniambie hapa hapa. Mwanasiti ana mikono mizuri, na hakukosa lolote.